Ufunguo wa Choo cha Duka la Baba Kanti

Jumamosi, mwezi wa saba, 1956. Baridi tangu asubuhi.

Leo hakuna jua hata la kukausha kitambaa cha vyombo. Wingu limekalia mlima wa Menengai halitaki kuondoka, na moshi wa injini za reli haupandi juu, unarudi chini na kuingia nyumbani. Maharagwe yako motoni. Nafula amelala. Nimepata nafasi kidogo, na naandika pole pole kama kawaida yangu, kwa sababu mimi niliishia darasa la pili na kalamu bado inanichokesha kuliko jembe.

Nina wivu.

Si wivu wa mume. Huo ningejua la kufanya nao. Huu wangu ni wivu wa ufunguo wa choo.

Nimesoma hapo juu nikaona ni maneno ya mtu mjinga. Yabaki hivyo hivyo. Wiki nzima nimeamka nao, nimepika nao, nimeenda nao mpaka kwenye ibada ya akina mama, na hakuna mtu aliyejua.

Jumamosi iliyopita nilienda mjini na Nafula kununua kitambaa. Watoto wataimba kanisani na rinda lake la mwaka jana limepanda juu ya magoti. Kwa vitambaa, sisi watu wa nyumba za reli tunaenda kwa Muhindi mmoja wa bazaar. Tunamwita Baba Kanti kwa sababu mtoto wake wa kwanza ni Kanti. Ana maneno mengi, lakini akipima kitambaa hapunji mtu.

Kwenye veranda ya duka anakaa fundi wake wa cherehani, mzee mmoja mwenye ndevu nyeupe za kidevuni tu. Yeye ndiye mkubwa wa wafanyakazi wa pale. Ufunguo wa choo chao cha nyuma unaning'inia kwenye msumari juu ya kichwa chake, umefungiwa kijiti cha mbao kilichokuwa kimezungushiwa uzi wa cherehani, usije ukapotea.

Mtoto wa miaka minne hakuambii mapema. Tulipokuwa tunachagua kati ya maua mekundu na maua ya samawati, Nafula akanivuta gauni.

"Mama, mkojo."

Mama mwenye mtoto mdogo anaijua Nakuru kwa njia yake. Wengine wanajua maduka. Mimi najua mahali ambapo mtoto anaweza kuchuchumaa. Choo chetu Waafrika kiko kule sokoni, na huko ni mbali kwa miguu ya mtoto aliyebanwa. Nyuma ya maduka askari wa kanjo, wale wa baraza la mji, wanazunguka. Na siku hizi za Hali ya Hatari ukionekana umejibanza nyuma ya ukuta, hata kama ni mtoto tu anakojoa, unaulizwa wewe ni nani na umeficha nini.

Basi nikamwendea yule mzee. Nikasema kwa adabu, "Mzee, habari ya kazi. Naomba ufunguo, mtoto amebanwa."

Aligeuka na kiti chake mpaka akaangalia ukuta. Akaliambia shati alilokuwa anashona, "Huyu mama asiingie huko."

Hata hakuniambia mimi. Aliliambia shati.

Nikaomba tena. Akazidi kukanyaga cherehani, ikapiga kelele kama gari linalopanda mlima. Nikakimbilia ndani kwa Baba Kanti, naye akainua mikono. "Mama, choo ni ya watu ya kazi. Mzee ndio naangalia. Mzee nakataa, mimi nafanya nini?"

Tulipokuwa tunabishana, jambo likamalizika lenyewe. Nilisikia maji yakidondoka kwenye saruji. Yalienda taratibu kuelekea kwenye majora ya vitambaa, na wanawake waliokuwa wakinunua wakainua vikapu vyao na kusogea. Mmoja akasema, "Ni hawa wa landhi." Landhi ndiyo hizi nyumba zetu za reli. Wala hakupunguza sauti.

Nilivua kitambaa cha kichwa nikapiga magoti nikapangusa. Nafula hakulia. Angelia ningepumua. Alisimama tu miguu mbali mbali, akiangalia soksi zake.

Yule mzee hakugeuka.

Tulirudi nyumbani mimi kichwa wazi, yeye bila soksi, na kitambaa hatukununua.

Hayo ningeyasahau. Mtoto kujikojolea si habari. Kilichonimaliza ni Jumanne, pale kwenye mfereji wa maji, niliposimama na ndoo nyuma ya Mama Atieno.

Mama Atieno ni jirani yangu, mlango wa tatu. Ametoka Kisumu, na mume wake ni karani kwenye stoo ya mizigo. Mume wangu anasafisha injini. Atieno wake na Nafula wangu wamelingana umri na hucheza pamoja kutwa. Huyu mama hupiga pasi hata kitambaa cha kichwa. Ana kicheko ambacho mtu akikisikia anasogea karibu, ajue kuna nini. Mimi watu hawasogei.

Nilimweleza yaliyonipata, nikitafuta pole. Akaweka ndoo chini.

"Kwani wewe hukupewa? Mimi na Atieno tulikuwa huko jana. Nilisema 'mzee' tu, ufunguo ukawa mkononi. Tena akaniambia niangalie ngazi, inateleza."

"Mimi aliniambia nisiingie."

"Basi ni uso, Mama Nafula. Wewe ukiomba kitu unakunja uso kama mtu amemeza limau."

Wanawake wote wakacheka. Na mimi nikacheka, lakini kwa meno tu. Akaendelea kutueleza choo kilivyo: kimefagiliwa, kuna debe la maji, kuna msumari wa kutundikia koti. Alikisifu kama nyumba aliyojengewa na mumewe.

Nilibeba ndoo yangu nikimwaza huyo mzee. Mimi ni mtu wa magharibi, na kwa sauti yake nilisikia yeye pia ni wa magharibi, pengine hata wa lugha yangu. Mama Atieno ni wa lugha nyingine kabisa. Amempa yeye, mimi akaniangalizia ukuta. Nina nini mimi? Nilijinusa kwapa. Naandika hata hilo. Nilisimama katikati ya njia nikajinusa.

Jioni ile watoto walikuwa wanacheza kando ya nyumba. Walikuwa wamepanga matofali wakafanya duka, na nyuma ya duka matofali mengine, hicho ndicho choo. Atieno alikuwa na ufunguo wa waya. Kila mtoto anakuja, anaomba, anapewa, anaingia, anachuchumaa, anatoka. Zamu ya Nafula ilipofika Atieno akaficha ufunguo nyuma ya mgongo.

"Wewe hapana. Wewe unakojoa dukani."

Nilitaka kumpiga mtoto wa watu. Nilijishika na mlango.

Usiku Nafula alijifunika shuka mpaka kichwani. Asubuhi yake nikamwambia tunaenda sokoni, nikamwekea chai ya maziwa. Akasukuma kikombe. Nikamwambia kunywa. Akaziba mdomo kwa mikono miwili. Nikamwuliza ni nini, naye akajibu akiwa bado ameuziba, ikabidi niinamishe sikio.

"Mjini nitaenda na Mama Atieno."

Mtoto wangu, niliyemzaa kwenye mvua kubwa mpaka akaitwa jina la mvua. Anakataa chai yangu na mkono wangu. Na mkono anaoutaka ni wa mlango wa tatu.

Siku hiyo sikwenda sokoni.

Nimefikiri sana mambo ya maduka. Nimejaribu kuwa mtu wa haki. Choo cha pale ni cha ndoo, kama vyote vya bazaar, na watu wa kanjo hawaji kuitoa kila mtu anapopenda. Kila mama akileta wake, ndoo itajaa kabla ya saa sita, na wale wanaoshinda pale kutwa wataenda wapi? Baba Kanti anauza vitambaa, hakufungua duka ili watoto wa landhi wapate pa kukojolea. Hilo naliona.

Lakini pia nimeona duka kubwa la Wazungu, lile ambalo mimi nikienda kuchukua mzigo wa mtu nasimama mlango wa nyuma. Niliona yaya amemshika mkono mtoto wa Kizungu, wakapitishwa ndani kabisa, na karani mwenyewe akiwafungulia mlango. Hakuna aliyeuliza kama ni choo cha kazi. Huyo mtoto kibofu chake ni kidogo sawa na cha Nafula. Nilimwonea wivu hata yule yaya.

Mimi ningekuwa na duka ningesema hivi: mkubwa ajizuie, mtoto ambaye hajaanza shule aingie. Mtu mkubwa anaweza kubana mpaka nyumbani. Mtoto hawezi, na akishindwa mbele ya watu, anaanza kumchunguza mama yake kama ni mama wa kweli.

Alhamisi mume wangu alirudi kutoka kazini mapema, mafuta mpaka masikioni. Nilikuwa nimeamua kutomwambia. Nikamwambia yote kabla hajavua viatu. Nilisema huyo mzee ananidharau, na kama yeye ni mwanamume aende akamwulize.

Akasema, "Mzee yupi? Huyo mwenye ndevu za kidevu? Huyo ni Mzee Makokha."

"Unamjua?"

"Huyo ni wa ukoo wetu. Baba humwita ndugu. Alikuona na mimi siku moja pale mlango wa kanisa, akaniuliza kama ndiye mke, nikamwambia ndiye." Akaanza kucheka, na kuchapa goti kwa mkono wenye mafuta. "Yaani wewe, mke wa mtoto wake, ulisimama mbele ya watu ukamwomba ufunguo wa choo anachokalia?"

Nilikaa chini.

Kwetu sisi Wabukusu, mke wa mtoto na baba mkwe hawaingii choo kimoja. Hawakalii kiti kimoja, hawaangaliani usoni hovyo, na mambo ya chooni hata kutajiana ni aibu. Hayo siyo mambo ya kufundishwa, niliyakuta. Baba mkwe wangu mwenyewe alipotutembelea hapa landhi, alikuwa akitaka haja anatembea mpaka kwenye kichaka ng'ambo ya reli, ndiyo asikanyage mahali ninapokanyaga mimi. Na mimi nilikuwa nikimwona anaondoka na fimbo yake, nageuka naangalia sufuria. Sikuona ajabu. Nilishukuru.

Ila ni nani angejua kwamba nina baba mkwe anayekanyaga cherehani kwenye veranda ya Muhindi? Nyumbani mtu unajua wakwe zako wako upande gani wa mto. Hapa mjini hawana alama.

Kwa hiyo yule mzee alipogeukia ukuta, alikuwa ananiheshimu. Mama Atieno alipewa ufunguo kwa sababu kwake yeye ni mtu wa njiani. Nilitaka kucheka. Halafu nikakumbuka soksi za Nafula.

Nikamwambia mume wangu, "Sawa, aliniheshimu. Lakini heshima yenyewe ndiyo iliyomlowesha mtoto."

"Ulitaka afanye nini?"

"Amshike mkono yeye. Mtoto na babu yake wana aibu gani?"

Hapo aliacha kucheka. Akavua kiatu kimoja, akakaa nacho mkononi. "Aache cherehani ya watu? Amsaidie mtoto wa kike nguo, mbele ya bazaar nzima?" Kisha akasema pole pole, "Lakini angeweza kumtafutia mtu."

Leo nimerudi. Ilibidi. Watoto wanaimba Jumapili ya wiki ijayo na kitambaa sina.

Na ilibidi nimwombe Mama Atieno tufuatane, kwa sababu mimi mlango wa choo hicho sitauingia maisha yangu yote, na ni lazima mtu mkubwa amshike Nafula, kiti cha ndoo, anavyosema Mama Atieno, ni kirefu. Kumwomba hilo kulikuwa kuchungu kama dawa ya malaria. Nilimweleza habari ya mkwe. Nilingoja kicheko chake. Hakucheka. Alisema tu, "Nitakuja," akaenda kupiga pasi kitambaa.

Tulipofika nilisimama mwisho kabisa wa veranda, nyuma ya nguzo, nikaangalia barabara. Ndivyo ilivyo kwetu, maneno ya kwenda kwa mkwe hupitia kwa mtoto. Nikainama kwa Nafula. "Mwambie kuka," babu kwa lugha yetu ni kuka, "mwambie mama anamsalimu, na siku ile hakumjua."

Nafula akaenda. Nilikuwa naogopa atarudi mbio. Akasimama mbele ya cherehani, akasema yote bila kukosea, kisha akaongeza lake. "Na mimi nilikojoa."

Cherehani ikanyamaza.

"Mwambie mama," mzee akasema kwa sauti ya kunifikia nguzoni, ingawa mtoto alikuwa mbele ya magoti yake, "mwambie siku ile niliona haya mpaka nikashona mkono wa shati mahali pa kola. Baba Kanti amenikata mshahara kwa hilo shati. Na mwambie nilisikia maji yale. Nimeyasikia wiki nzima."

Sikuweza kugeuka. Niliangalia baiskeli zinazopita, na zikawa hazionekani vizuri.

Akatoa ufunguo msumarini, akampa Nafula mwenyewe mkononi. Hapo Baba Kanti akatokea na futi ya kupimia shingoni.

"Mzee, nini hii? Leo mtoto moja, kesho Nakuru yote."

"Huyu ni mjukuu wangu."

"Ah. Na ile ingine?" Alimwonyesha Atieno.

"Na huyo pia."

"Mzee, wewe na wajukuu ngapi?"

"Wote waliobanwa."

Baba Kanti alicheka mpaka futi ikaanguka. Akasema basi, wajukuu wa mzee waingie, lakini mama zao ni kuwapeleka tu, na aliyekwisha kung'oka meno ya utoto aende sokoni. Nikawaza kwamba hiyo ndiyo sheria yangu niliyoitunga jikoni, imetoka kwenye mdomo wa Muhindi bila mtu kuniuliza.

Ndipo Mama Atieno akasema jambo ambalo sikulitarajia. Alisema kama mzaha, lakini wiki hii nimemsikiliza kama mtu anayetafuta kosa, nikajua si mzaha mtupu. "Mzee, kama Atieno ni mjukuu wako, basi mimi pia ni mke wa mtoto wako. Na mimi pia ugeukie ukuta ukiniona."

Mzee akakuna kidevu. "Nikigeukia ukuta kwa ajili yako, nani atawapeleka hawa? Wewe ngoja kwanza. Usiwe mkwe wangu mpaka watoto wajue kufunga mlango wenyewe."

Veranda yote ikacheka. Mama Atieno naye alicheka, ila kile kicheko chake kilikatika katikati. Alinipita pale nguzoni akiwa amewashika watoto, akaniambia chini chini, "Wewe una mtu anayekuonea haya katika mji huu. Mimi wa kwangu wote wako mbali. Hapa kila mtu ananiangalia tu usoni."

Nilibaki na hayo maneno. Siku zote hizi nilikuwa nautamani ufunguo wake. Kumbe naye alikuwa anautamani ukuta wangu.

Wakashuka ile ngazi inayoteleza. Nafula alikuwa ameshika ufunguo mkono mmoja, na mkono wa pili ulikuwa ndani ya mkono wa Mama Atieno. Nilimwona anamwinulia uso, anamwuliza kitu, anacheka. Nilijua ni haki, nilijua mimi ndiye niliyemwomba. Wivu ukanirudia vile vile.

Walirudi. Nafula akampa kuka ufunguo wake, akaja mbio akanikumbatia miguu.

"Mama, hakuna kitu huko. Ni ndoo tu."

Tumenunua yale maua mekundu. Nyumbani ameomba chai mwenyewe, akamaliza kikombe, akaomba kingine.

Maharagwe yanakaribia kukauka, niache kuandika. Wivu umepungua. Haujaisha, nisijidanganye. Bado nauona ule mkono. Lakini nimeamua. Kuanzia Jumatatu nitamfundisha Nafula kupanda kwenye kiti kirefu, kujivua, kujifunga, kusukuma komeo. Nitamfundisha na Atieno pamoja naye, hapa hapa kwenye choo chetu cha landhi, mpaka wajue.

Siku hiyo watoto wakishuka ngazi peke yao, mimi na Mama Atieno tutasimama pamoja nyuma ya nguzo, na mzee atugeuzie mgongo sote wawili.